Helmeti ya pikipiki: ya kufunua kidevu au ya kipande kimoja?

Kwa anayezunguka Dodoma mjini, kutoka Majengo hadi Area D, akisimama kuulizia nyumba, kujaza mafuta au kunywa maji, helmeti ya kufunua ni raha. Unabonyeza kitufe, sehemu yake ya kidevu inapanda, mnaongea mkitazamana. Mvaa miwani ndiye anayefaidi zaidi, maana haimlazimu kuivua kwanza.

Ya kipande kimoja haina bawaba wala kufuli, kwa hiyo mara nyingi ni nyepesi na haina kelele sana. Ukishika barabara ya Kondoa au Iringa, na upepo wa kiangazi ukivuma ubavuni, shingo itakushukuru. Kwa safari hizo mimi nachagua hii bila kusita.

Ile ya kufunua inataka matunzo. Vumbi letu hujazana kwenye kufuli, nayo isipobana vizuri kidevu ni pambo tu. Ifute kwa kitambaa kibichi.

Dukani, tafuta lebo ya ECE, yaani kiwango cha usalama cha Ulaya; aghalabu hushonwa kwenye mkanda. P/J: imepimwa ikiwa imefungwa na ikiwa wazi. NP: kidevu chake hakikingi. Ikikosa P/J, kuendesha umeifunua ni kujitafutia meno ya bandia.