Utaridi ikirudi nyuma: usimamishe mipango au uendelee?

Kila sayari ya Utaridi ikianza kurudi nyuma angani ubishi ni uleule, usimamishe kila kitu au ukaze tu. Sayari yenyewe hairudi popote, ni vile inavyoonekana kutoka duniani, ila wanajimu, wale wasoma nyota, wanasema mikataba, safari na mawasiliano ndo huvurugika.

Kusimamisha kunakupa amani ya roho, hilo sikatai, na mkataba uliolala wiki kadhaa unausoma kwa akili iliyopoa. Shida gharama: Utaridi hufanya hivyo mara 3 au 4 kwa mwaka, kama wiki 3 kila mara, sasa ukikuta mwaka ambao sayari ya Zuhura nayo inarudi nyuma kwa siku zake 40 hivi, utafanya kazi lini jamani?

Kuendelea hakukuli muda ila kunataka nidhamu, yaani bakapu ya simu, tarehe ya tiketi uiangalie mara mbili, namba ya unayemtumia hela uirudie, na hapo ndo wengi wanafeli. Kwa upande wa uhakika, njia zote mbili ni droo, maana ushahidi wa kisayansi hakuna.

Kama saini inaweza kungoja na moyo hautulii, ngoja. Mwenye dedilaini kesho asaini tu, ila asome na yale maandishi madogo ya chini.