Tahadhari kwa wanaonunua flashi za studio kwa ajili ya chumba kidogo cha nyumbani

Ndugu wapiga picha, hasa ninyi mnaotenga chumba kimoja cha nyumba kiwe studio, naomba mchukue tahadhari na muuzaji wa mtandaoni anayetangaza seti ya flashi mbili, pamoja na stendi, softiboksi (kifuniko cha kulainisha mwanga) na triga ya redio (kifaa cha kuiwasha flashi kutoka kwenye kamera bila waya), kwa bei iliyo chini mno ya ile inayotozwa na wauzaji wengine kwa seti inayofanana nayo. Simtaji jina kwa sababu akaunti yake imeshabadilishwa jina huku picha na maelezo ya bidhaa yakibaki yaleyale, na anayelikariri jina la leo hatamtambua kesho. Lililo muhimu ni kuujua mtindo wake wa kudanganya, maana hautumiwi na yeye peke yake.

Seti niliyoikagua ililetwa kwangu na kijana anayeanza kazi ya kupiga picha za watu na za bidhaa, naye alikuwa ametumia karibu akiba yake yote. Tangazo lilidai kwamba kila taa ina nguvu ya 600, na lebo iliyobandikwa ubavuni mwa kila taa ilisema hivyohivyo. Hata hivyo pembe ya lebo moja ilikuwa imeinuka, na tulipoibandua taratibu tukakuta chini yake lebo nyingine, iliyochapwa kiwandani, yenye namba 180. Ile ya taa ya pili ilikuwa imegandishwa kwa gundi kali zaidi, lakini nayo ilificha namba ileile.

Tulipima kwa mita ya mwanga, tukiziweka taa zote mbili katika umbali uleule na nguvu ileile, na vipimo vikatofautiana waziwazi. Kitufe cha kupunguza nguvu kilikuwa na alama kuanzia 1/1 hadi 1/32, lakini kuanzia 1/4 kushuka chini mwanga haukupungua hata kidogo. Yaani alama zilizobaki zilikuwa pambo. Tulipopiga picha mfululizo za karatasi nyeupe bila kubadilisha chochote kwenye kamera, nyingine zilitoka na rangi ya njano hafifu na nyingine zikaelekea ubluu. Kwa mtu anayepiga picha za nguo au vipodozi, ambazo mteja atazilinganisha na bidhaa yenyewe mkononi, kasoro hiyo peke yake inatosha kumpotezea kazi.

Kilichonishtua zaidi ni waya wa umeme. Plagi ilikuwa na miguu mitatu, kama ipasavyo kwa chombo chenye bodi ya chuma, lakini tulipoifungua plagi hiyo, ikiwa imechomolewa ukutani, tulikuta nyaya mbili tu ndani yake, na mguu wa ethi haukuunganishwa na kitu chochote. Flashi ya studio huhifadhi umeme katika kapasita zenye volti mia kadhaa, na ethi ipo ili hitilafu ikitokea, umeme uteremke ardhini usimpitie mtu aliyeshika bodi. Kuondoa waya huo kwa ajili ya kupunguza gharama, kisha kuweka mguu wa tatu ili mnunuzi aamini kuwa yuko salama, ni kuhatarisha maisha ya mtu kwa makusudi, na siwezi kulitaja jambo hili kwa lugha laini zaidi ya hiyo.

Sasa nieleze jinsi namba zinavyotumika kudanganya, kwa kuwa wengi hununua taa kwa kuangalia namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Nguvu ya flashi hupimwa kwa wati-sekunde, ambazo ni sawa na jouli, na huonyesha nishati inayoachiliwa katika mwako mmoja. Wati pekee ni kipimo kingine, kinachohusu umeme unaotumika wakati wote taa inapowaka. Muuzaji anapoandika "600W" bila kufafanua, anajiachia mwanya: akibanwa atasema alimaanisha jumla ya taa zote, au aliingiza na balbu ndogo ya kuonyeshea mwanga utakavyoangukia, au alihesabu "nguvu inayolingana na" kitu fulani asichokitaja. Mwombeni awaandikie wati-sekunde za taa moja kwa nguvu yake yote. Asipotaka kuandika hivyo, msinunue.

Udanganyifu unaokaribiana na huo ni wa kuuza taa zinazowaka muda wote kwa jina la flashi. Unakuta kishikio cha balbu tano za kubana umeme, kila moja ikiwa na wati 85, ambazo jumla yake ni wati 425, lakini tangazo linasema 2000, kwa sababu limehesabu wati ambazo balbu za kizamani zingetumia kutoa mwanga wa kiasi hicho. Hata tukizikubali wati 425 kama zilivyo, kamera ikifungua shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuingia, kwa 1/125 ya sekunde, nishati ya umeme iliyotumika katika muda huo ni jouli 3.4 tu, ilhali flashi ya wati-sekunde 200 humwaga karibu nishati yake yote ndani ya muda huohuo. Taa zinazowaka muda wote zina matumizi yake mazuri, hasa kwa video, na sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na anayeziuza kwa mtu aliyeomba flashi.

Tazameni pia namba ya mwongozo, ile ambayo ukiigawanya kwa umbali unapata tundu la lenzi la kutumia. Namba hiyo haina maana isipoambatana na ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, na kipimo cha umbali. Taa yenye namba ya 58 kwa mita katika ISO 100 ndiyo hiyohiyo yenye karibu 190 kwa futi, kwa hiyo muuzaji akiandika 190 bila kutaja futi, mnunuzi aliyezoea mita ataiona taa hiyo kuwa na nguvu kuliko ilivyo kwa zaidi ya mara tatu ya umbali. Isitoshe, namba hiyo kwa kawaida hupimwa taa ikiwa na kikombe chake cha kuakisi, bila softiboksi, nayo softiboksi hula sehemu kubwa ya mwanga.

Kwa aliye na chumba kidogo, namba kubwa si hoja ya kumvutia hata ingekuwa ya kweli, na hapa ndipo ninapotamani kila anayeanza apate mtu wa kumweleza kabla hajatoa fedha zake. Kutoka wati-sekunde 300 kwenda 600 unaongeza stopu moja tu ya mwanga, yaani mwanga mara mbili, sawa na kupandisha ISO kutoka 100 hadi 200. Katika chumba cha nyumbani taa huwa karibu sana na mtu anayepigwa picha, pengine mita moja au moja na nusu, na mwanga huongezeka kwa kasi kadiri taa inavyosogea: ukipunguza umbali kwa nusu, mwanga unaomfikia unakuwa mara nne. Mara nyingi tatizo la chumba kidogo ni mwanga kuzidi. Ikiwa taa kwa nguvu yote inakupa tundu la lenzi la f/16 pale mtu anapokaa (namba ya f ikiwa ndogo, tundu huwa kubwa na mandharinyuma hufifia zaidi), halafu nguvu yake inashuka hadi 1/8 pekee, hutaweza kwenda chini ya f/5.6 bila kubadilisha kitu kingine, na ukitaka mandharinyuma yenye ukungu laini utakuwa umekwama. Taa inayoshuka hadi 1/32 itakufikisha f/2.8. Kwa hiyo nguvu ya chini kabisa, tena inayoshuka kweli kama kitufe kinavyosema, ndiyo ya kuulizia kwanza, na kwa vyumba vingi flashi ya wati-sekunde 200 au 300 inatosha kabisa. Muuzaji wa aina hii huwaibia wateja mara mbili, kwanza kwa kuongopa juu ya nguvu, na pili kwa kuwaaminisha kwamba nguvu ndiyo waliyoihitaji.

Kuna maneno mengine ya tangazo lake ambayo yana ukweli lakini hayathibitishi ubora. Anaandika kwamba taa zake "zinaingiliana na Bowens". Kampuni ya Bowens ya Uingereza ilifungwa mwaka 2017, lakini aina ya mdomo wake wa kufungia softiboksi na vikombe inatumiwa na watengenezaji wengi sana. Kuwa na mdomo huo ni faida, kwani vifaa vyake hupatikana kwa urahisi, lakini hakusemi lolote kuhusu kapasita, waya au usahihi wa rangi. Anataja pia kasi ya mwako bila kueleza imepimwaje. Kipimo kinachopendwa na matangazo ni t0.5, yaani muda ambao mwanga unakuwa juu ya nusu ya kilele chake, na kwa flashi za kawaida za bei nafuu muda halisi unaogandisha mwendo, yaani t0.1 (muda ambao mwanga unakuwa juu ya sehemu moja ya kumi ya kilele), ni takriban mara tatu ya huo. Anayetaka kupiga picha za maji yanayomwagika au watoto wasiotulia aulizie t0.1.

Kabla ya kulipa, yeyote anayeweza kuiona taa kwa macho aijaribu. Weka kamera katika hali ya kuongoza kila kitu kwa mkono, shata iwe 1/125 na ISO 100, kisha piga picha ya ukuta au karatasi nyeupe katika kila alama ya nguvu, ukianzia juu kushuka chini. Kila nguvu inapopungua kwa nusu, picha inapaswa kufifia kwa stopu moja. Ukifungua lenzi kwa stopu moja, mwanga urudi ulipokuwa. Piga picha kadhaa mfululizo kwa nguvu moja uangalie kama mwanga na rangi vinabadilikabadilika. Jaribu na triga pia: kamera nyingi hukubaliana na flashi za studio hadi karibu 1/200 au 1/250, na ukiona ukanda mweusi kwenye picha hata kwa 1/125, triga hiyo inachelewa. Soma volti zilizoandikwa kwenye taa, kwa sababu iliyotengenezwa kwa volti 110 ukiichomeka kwenye umeme wa 220 au 240 itaungua. Pitisha ukucha juu ya lebo.

Kama hamwezi kuiona kwa macho, basi mwangalie anavyojibu. Huyu ninayemzungumzia hakatai kamwe swali moja kwa moja. Hutuma picha nzuri ya mwanamitindo badala ya jibu, halafu anasema zimebaki seti chache na kuna mtu mwingine anazitaka. Humshawishi mnunuzi alipe nje ya mfumo wa soko la mtandaoni ili "apunguziwe", na akishalipwa hivyo mnunuzi anakosa ulinzi wote wa soko hilo. Ukizitafuta picha zake kwa huduma ya kutafutia picha kwenye intaneti, utazikuta katika matangazo ya wauzaji wengine wengi. Mwambieni apige picha ya nyuma ya taa, penye lebo, ikiwa karibu na karatasi yenye jina lenu na tarehe ya siku hiyo. Aliye na mzigo mkononi hatashindwa kufanya hivyo.

Yule kijana alipodai fedha zake aliambiwa kwanza kwamba bidhaa imeshatumika. Baadaye aliahidiwa kurudishiwa sehemu ndogo ya malipo kwa sharti la kuandika maoni ya nyota tano, na nina wasiwasi kwamba baadhi ya sifa zinazosomeka kwenye ukurasa wa muuzaji huyo zimepatikana kwa njia hiyohiyo. Alikataa, na alifanya vyema.

Kwa mliokwisha kununua kwake, tafadhali acheni kuziwasha hadi fundi wa umeme apime kama ethi imefika kwenye bodi ya taa. Msifungue bodi yenyewe hata kama taa imechomolewa, kwa sababu kapasita zinaweza kubaki na umeme wa kudhuru kwa muda mrefu. Msiitupe lebo ya juu mkiibandua. Ipigeni picha ikiwa nusu imetoka, namba zote mbili zionekane katika picha moja, na hifadhini boksi, tangazo na mazungumzo yote. Mlalamikieni kwanza kwenye soko mliponunulia, kisha kwa benki au huduma ya malipo mliyotumia, na fanyeni hivyo mapema, kwa kuwa muda wa kupinga malipo huwa na ukomo. Katika malalamiko hayo tangulizeni suala la waya wa ethi kabla ya suala la nguvu: kasoro inayohatarisha usalama ni vigumu kwa muuzaji kuiita tofauti ya maoni.