Hesabu: kuhisi au kuthibitisha, kipi kinakufanya uelewe?

Kwa spidi hisia inashinda: weka doti 1, zungushia 3 kwenye kona, halafu 5, unauona mraba wa 9 hapo hapo na husahau tena. Ila kwa uhakika inaangusha watu vibaya, chukua n² + n + 41, weka 0, 1, 2 mpaka 39 zote zinatoa namba tasa, mara 40 mfululizo, yeyote angeapa, halafu 40 inakupa 1681 ambayo ni 41 × 41! Uthibitisho haukuangushi hivyo, lakini unaweza kuukagua mstari kwa mstari na bado usijue kwa nini. Kama ndo unaanza mada, chora kwanza. Kama wengine watajenga juu ya jibu lako, thibitisha.