Matairi ya 4x4: anza na ubavu, meno yafuate

Jiwe lenyewe lilikuwa dogo, lina makali kama shoka, limejificha kwenye nyasi pembeni mwa njia. Nilisikia mlio mmoja wa upepo, kisha usukani ukavuta kushoto. Niliposhuka na tochi nikaona mkato mfupi kuliko kidole gumba, ubavuni, karibu na ringi. Meno ya tairi lile yalikuwa marefu bado, ningelitembelea miaka miwili mingine bila wasiwasi. Nikachomeka kamba mbili za kuzibia pancha, nikajaza upepo, na kabla sijamaliza kukunja mpira wa kompresa gari lilikuwa limeshakaa chini tena. Tangu siku hiyo, kila nikienda kununua matairi, swali langu la kwanza ni la ubavu.

Sababu iko ndani ya tairi. Chini ya meno kuna mikanda ya nyaya za chuma. Ubavuni mikanda hiyo haipo, kuna tabaka za nyuzi na mpira tu. Msumari ukiingia katikati ya meno, unauchomoa na kuziba tundu hapo hapo njiani. Ubavu hujikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka, kwa hiyo kiraka hakidumu, na fundi mwaminifu atakwambia tairi hilo basi. Hata hivyo watu wanaoboresha 4x4 zao huanza na winchi, taa na bampa la chuma, halafu matairi wanayachagua kwa kutazama meno yalivyo makali.

Orodha yangu ni ya mtu anayetumia gari lake kila siku kwenye lami, na mara kadhaa kwa mwezi anaingia kweli kwenye mawe, mchanga na tope. Kama wewe huingii huko, ruka moja kwa moja hadi namba nne.

1. A/T yenye herufi LT

A/T ni tairi la ardhi zote: meno ya wastani, mitaro iliyo wazi kiasi, kelele ya kuvumilika. BFGoodrich walitoa la kwao la radial (nyuzi zake zinapita moja kwa moja kutoka ubavu mmoja hadi mwingine) mwaka 1976, na leo karibu kila kiwanda kikubwa kina la aina hiyo. Lakini kuna A/T na A/T. Mbili zinaweza kuwa na meno yaleyale kabisa, moja ikawa na ubavu wa gari dogo, nyingine ubavu wa gari la mizigo. Ile ya pili huwa na herufi LT kwenye maandishi ya saizi, kwa mfano LT265/70R16. Hiyo ndiyo unayoitaka.

Usiishie kwenye maneno ya muuzaji kwamba ni "plai kumi". Namba hiyo ni kipimo cha nguvu, haina maana kwamba kuna tabaka kumi ndani. Piga magoti, usome maandishi madogo ubavuni: kwenye matairi mengi pametajwa tabaka za sehemu ya meno na za ubavu kila moja peke yake. Ubavu wa tabaka tatu ni bora kwa mawe kuliko wa mbili. Mimi nikikuta la tatu kwa saizi yangu, sitafuti tena.

Lina gharama zake. Ni zito, mafuta yanakwenda zaidi kidogo, na gari tupu litarukaruka kwenye matuta. Pia tairi la LT linahitaji upepo mwingi zaidi kubeba mzigo uleule uliobebwa na tairi la kawaida, kwa hiyo ile namba ya kwenye kibandiko cha mlango wa dereva haitoshi tena kama hicho kibandiko kiliandikwa kwa matairi ya kawaida. Muulize muuzaji jedwali la mzigo na upepo la tairi hilo.

2. R/T

Hili liko kati ya A/T na M/T, yaani tairi la tope lililo namba tatu: mabega yana meno makubwa, katikati pamekaribiana. Linafaa kwa mwenye tope la msimu. Yote niliyosema kuhusu ubavu yanahusu na hili.

3. M/T

Najua wengi wangeliweka la kwanza, na nawaelewa, kwa sababu likiwa kwenye tope la mfinyanzi hakuna linalolikaribia. Mitaro yake mipana hulitema tope gurudumu linapozunguka, na meno safi yanashika upya. A/T hapo hujaa tope, ikawa kama imepakwa sabuni. Ubavu wake pia kwa kawaida ni imara.

Sasa litoe kwenye tope. Mpira unaogusa lami ni mchache, kwa hiyo mvua ikinyesha gari linachelewa kusimama. Kwenye mchanga laini meno yale yanachimba badala ya kuelea, na dereva mwenye mguu mzito huzama hadi kwenye eksili. Kelele huongezeka kadiri tairi linavyochakaa. Kama kazi yako ni shamba au msitu, nunua bila kusita. Kama tope unakutana nalo mara mbili kwa mwaka, utakuwa unalipia shida ya siku 363.

4. H/T

Tairi la lami. Tulivu, jepesi, linashika vizuri kwenye mvua, na kwa barabara ya changarawe iliyotunzwa linatosha. Udhaifu wake ni ubavu mwembamba. Kwa mtu asiyetoka barabarani ndilo tairi sahihi, na asimruhusu mtu yeyote kumuuzia lingine.

Matairi yaliyokwishatumika sijayapa namba. Ubavu uliowahi kuendeshwa bila upepo unaweza kuwa umekatika nyuzi kwa ndani huku kwa nje unang'aa.

Kuhusu saizi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea. Chukua 265/70R16: upana milimita 265, urefu wa ubavu asilimia 70 ya upana huo, ringi inchi 16. Kimo chote ni kama milimita 777. Ukipanda hadi 285/75R16 kimo kinakuwa kama 834. Umeongeza milimita 57, lakini eksili imepanda nusu yake tu, yaani kama 28. Kwa hizo 28, gia zako zote zimekuwa ndefu kwa asilimia 7, gari linapanda mlima kwa unyonge, breki zina kazi zaidi, na spidi ikisoma 100 wewe uko kwenye 107. Bado hujajua kama tairi litasugua bodi ukikata usukani wote. Ushauri wangu ni saizi ya kiwandani, au hatua moja ndogo juu yake.

Baada ya saizi kuna namba ya uwezo wa mzigo na herufi ya mwendo. 112S maana yake kilo 1,120 kwa tairi moja na mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa. Usishuke chini ya namba ya mzigo ya kiwandani, hata kwa bei ya kutupa.

Kabla hujalipa, tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye mfululizo unaoanza na DOT. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Mara nyingi tarakimu hizo ziko upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo omba ligeuzwe. Tairi lililokaa stoo miaka mitano limeshazeeka kabla halijagusa barabara.

Nunua matano. Spea ya saizi nyingine, au iliyobaki mpya wakati wenzake wameisha, huzunguka kwa kasi tofauti na mengine, na kwenye gari linalovuta kwa magurudumu yote muda wote tofauti hiyo inaumiza difu ya kati, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Zungusha yote matano kila kilomita 10,000 hivi, yaishe pamoja.

Weka kwenye hesabu kipimo cha upepo na kompresa. Tairi lolote kati ya hayo manne, likishushwa hadi psi 16 au 18 kwenye mchanga, litapita mahali ambapo M/T yenye psi 35 imekwama. Kwenye mawe usishushe chini hivyo kama umebeba mzigo mzito, kwa sababu ubavu hutanuka nje na kujipeleka wenyewe kwenye makali. Ukirudi kwenye lami jaza kwanza, ndipo uongeze mwendo.

Na baada ya kufungiwa ringi, endesha kilomita 50 hadi 100, kisha simama ukaze nati tena kwa mkono wako mwenyewe.