Namba fupi kati ya Mtwara, Lindi na Masasi: ununue mtambo gani wa simu

Kabla hujatoa hela, muulize muuzaji: nikibonyeza namba fupi, simu inapita wapi? Kuna namba fupi za aina mbili, na dukani utauziwa kwa jina moja. Ya kwanza ni mkato tu. Unabonyeza 31, mtambo unakupigia namba nzima ya tarakimu kumi uliyoihifadhi, na dakika zinakatwa kama kawaida. Ya pili ni ekstensheni halisi: unabonyeza 401, simu inaita mezani Masasi kwa njia yako ya intaneti, salio haliguswi.

Sisi tuliuziwa ya kwanza tukidhani ni ya pili. Msimu mzima wa korosho karani wa ghala Masasi na mhasibu wa Mtwara walikuwa wakiulizana uzito wa kila lori, na kila swali lilikula dakika. Tulikuja kushtuka Desemba, bili zikiwa mezani.

Jambo la pili ni mpango wa namba, nao hauna gharama. Chukua karatasi, tarakimu ya kwanza iwe mji: 2 Mtwara, 3 Lindi, 4 Masasi. Mbili zinazofuata ziwe meza, na meza zifanane kila mji: mapokezi 01, mhasibu 05, ghala 10. Kwa hiyo anayejua kwamba mhasibu wa Mtwara ni 205 hana haja ya kuuliza wa Lindi, ni 305. Usianze na 0, ndiyo inayoanza namba za nje. Usianze na 1 pia, maana 112 ni polisi na 114 ni zimamoto, na siku ghala likiwaka moto hutaki simu iite kwenye meza ya mtu. Iache 9 iwe ya kutokea nje. Mpango huu ukishatumika miezi sita, watu wameuzoea na kuubadili ni kazi, kwa hiyo uandike kwanza.

Sasa mitambo yenyewe. Kwa ofisi mbili hadi nne zenye watu kama ishirini, naweka mbele kisanduku cha simu za intaneti unachokimiliki, kama Yeastar S20 au Grandstream UCM6301. Kinakaa Mtwara, na Lindi na Masasi zinajiunga nacho. S20 inabeba watumiaji 20 na mazungumzo 10 kwa wakati mmoja, inatosha kabisa. Simu moja yenye sauti safi inahitaji kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Ukichagua kodeki (njia ya kubana sauti) ya G.729 inashuka hadi karibu 31, na hilo ni la maana kama Masasi mnatumia ruta ya laini ya simu. Ruta hizo zina tatizo lake: mara nyingi wewe unamsikia mwenzako, yeye hakusikii. Dawa ni VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti: ruta ya tawi iite makao makuu, na makao makuu yawe na anwani ya intaneti isiyobadilika. Weka UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) kila upande, na ruta nayo iingie humo, isiwe mtambo peke yake. Badilisha nywila zote za kiwandani na ufunge simu za kimataifa, maana wezi huingia usiku na kupiga nje ya nchi kwa gharama yako.

Ya pili ni kundi la laini za kampuni moja ya simu za mkononi. Wafanyakazi wanapigiana kwa namba fupi, na huhitaji kununua mtambo wala kumtafuta fundi. Kama watu wako wanashinda vijijini kwenye maghala ya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) badala ya mezani, basi kwako hii ndiyo ya kwanza. Hakikisha tu mtandao huo unashika Newala na Nachingwea, na laini zisajiliwe kwa jina la kampuni.

Asterisk, programu ya bure ya mtambo wa simu iliyoanza 1999, inafanya kila kinachofanywa na kisanduku. Naiweka ya tatu kwa sababu ya fundi: kama anayeijua anaishi Dar es Salaam, simu zikikatika utamsubiri.

Ya nne ni kukodi mtambo ulioko kwenye seva za nje ya nchi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM, zinazotuletea intaneti, zilikatika. Kwa mtambo wa namna hiyo, hata simu ya chumba hiki kwenda chumba cha pili inavuka bahari kwanza.

Mwisho kabisa mitambo ya zamani ya waya, kama Panasonic KX-TES824 inayokuja na laini 3 na ekstensheni 8. Ndani ya jengo moja ni imara sana. Kati ya miji itakupa ule mkato niliousema mwanzo, na Panasonic yenyewe imeshatangaza kuacha biashara ya mitambo ya simu za ofisi.

Siku ya kukabidhiwa, usimalizie malipo mpaka fundi achomoe laini zote za nje mbele yako, aache intaneti tu, kisha ubonyeze 401 mwenyewe. Masasi wakipokea na mkasikilizana pande zote mbili, mlipe.