Kupanda ndege wiki sita baada ya kuwekewa stenti

Binti yangu alijifungua wiki sita baada ya mimi kuwekewa stenti, kijibomba kidogo cha kuuweka wazi mshipa wa moyo. Daktari alinikubalia kusafiri kwenda kumwona, lakini usingizi ulinipaa. Nikiugua angani, nani atanifaa?

Nilipigia simu shirika la hisani la afya ya moyo la taifa letu. Wanaopokea ni wauguzi. Aliyenipokea hakuwa na haraka. Alinieleza kuwa hewa ndani ya ndege ni nyepesi, kama ya mlima wenye urefu wa hadi mita 2,400 hivi, kwa hiyo oksijeni kwenye damu hushuka kidogo. Moyo uliotulia hulimudu hilo. Mtu anayebanwa kifua akiwa amekaa tu, huyo asisafiri mpaka aonwe tena na daktari.

Kisha akauliza, "Mama, ngazi unapanda?" Nikamwambia za nyumbani nazipanda mpaka juu bila kupumzika. Swali hilo dogo lilinituliza kuliko karatasi zote nilizotoka nazo hospitali.

Alinisisitizia dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye begi linalopimwa. Ile ya kupulizia chini ya ulimi kifua kikibana iwe mfukoni. Aspirini na mwenzake wa kuzuia damu kuganda nisiziruke hata siku moja, kwa sababu stenti bado changa huweza kuziba. Na niombe kiti cha magurudumu mapema, maana kinachowachosha wagonjwa wengi ni ule mwendo mrefu wa uwanjani wenye mizigo.

Shirika la ndege, ambalo nalo ni la taifa, limenifurahisha nusu. Kwenye simu niliambiwa hakuna fomu yoyote. Siku mbili kabla ya safari mwingine akasema fomu ya afya ni lazima, tena ijazwe na daktari. Nilihangaika kutwa nzima, mgonjwa wa moyo! Hilo liliniuma na bado linaniuma.

Ila wahudumu wa ndani ya ndege, Mungu awabariki. Kiongozi wao alikuwa na jina langu tayari. Alichutama pembeni ya kiti changu, akaniuliza dawa ziko wapi, akanionyesha kabati lenye mashine ya kushtua moyo. Akaniambia wote wamefunzwa kukandamiza kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Hapo ndipo nilipopata usingizi.

Shirika la moyo nalipa alama zote. La ndege, wahudumu wapewe zote na dawati la simu lifundishwe upya. Ukikata tiketi nao, omba fomu siku hiyohiyo, hata wakikuambia haipo. Ya safari ya kurudi niliijaza wiki mbili kabla, mjukuu akiwa amelala kifuani pangu.