arXiv ya HTML: kwa sisi tunaosoma kwa masikio, nyota nne

Kama huoni na unasoma hesabu unajua PDF ni mateso matupu. Ukurasa wa safu mbili programu ya kusoma skrini inaweza kuuchanganya, inaanza kushoto inarukia kulia, halafu x kipeo cha pili inakutamkia "x mbili", sasa utajuaje ni kipeo au ni namba ya chini? Kuna jarida moja silitaji, wanalipisha hela ndefu na PDF yao haina hata vichwa vya habari.

Sasa arXiv, ile hazina ya makala za fizikia na hesabu ya tangu 1991, kuanzia Desemba 2023 makala mpya wanazitoa na kwa HTML pia, yaani kama ukurasa wa kawaida wa wavuti, bure, hakuna cha kujisajili. Mi natumia NVDA, programu ya kusoma skrini kwa sauti, na MathCAT ya kuitamkia hesabu, nazo bure, nabonyeza H naruka kichwa hadi kichwa, nikikuta kanuni naingia ndani yake kipande kwa kipande, kama ni sehemu basi kiasi cha juu kwanza kisha asili ya chini, narudi nyuma nikitaka. Raha aisee.

Kasoro zipo. Mfumo wao unageuza wenyewe LaTeX, ile lugha waandishi wanayoandikia makala za hesabu, sasa mwandishi akiweka pakeji (nyongeza ya LaTeX) ambayo mfumo hauijui basi sehemu zinavurugika au HTML haitoki kabisa unarudi kulekule kwa PDF. Na grafu ndo balaa, mwandishi asipoandika maelezo unasikia "picha" basi imeisha, hapo siwalaumu arXiv, walaumiwe maprofesa. Ukikuta tatizo kuna kitufe cha kuripoti hapohapo kwenye ukurasa, kitumieni jamani.